Mshahara wa Mbwa wa Kaka Yangu

Mbwa wa kaka yangu hakuwa mkali. Naanza na hilo kwa sababu mtaani kwetu, huku juu ya mawe upande wa Mkuyuni, kuna watu mpaka leo wakimwona wanavuta watoto wao pembeni na kunong'ona kwamba ndiye yule mla paka. Hajawahi kula paka. Alimng'ata mmoja mguu, hilo ni kweli, na kwa mguu huo mmoja nusura nimpoteze. Na kumpoteza yeye, kwangu, kungekuwa kumzika kaka mara ya pili.

Kaka yangu alikuwa mkausha dagaa Ukerewe, nje kidogo ya Nansio. Alinunua dagaa wabichi asubuhi mitumbwi inaporudi, akawaanika kwenye chanja, zile meza ndefu za miti zilizotandikwa nyavu kuukuu, na jioni akawazoa wamekauka wanang'aa kama sindano. Aliugua muda mfupi, akafa. Nilivuka ziwa kwenda kuzika, nikakaa mpaka siku ya kugawa vitu vya marehemu. Baba mdogo aliwekewa kiti katikati ya ua akawa anaita: baiskeli kwa huyu, koti kwa yule, redio, panga, jembe. Mimi dada mtu nikapewa shati. Mbwa hakuitwa. Mbwa si kitu cha kugawa, na si mtu wa kuulizwa anakwenda wapi. Alikuwa amelala chini ya chanja tupu, kidevu kwenye mchanga, macho ameyaelekeza juu mbinguni. Nilidhani anaomboleza. Nilikuwa simjui bado.

Wifi yangu, mke wa marehemu, alikuwa anarudi kwao Misungwi na watoto, kwa kaka zake ambao wana mbwa wao tayari, wakali wasiotaka mgeni. "Wifi, huyu sasa nimpeleke wapi?" aliniuliza. Nikamwambia nipe mimi. Sikufikiri hata kidogo. Shati linafuliwa na harufu inaisha, lakini mbwa huyu alikuwa amemsikia kaka yangu akikohoa, akicheka, akitukana kunguru, kila siku ya maisha yake. Tulimfunga kipande cha kamba ya nyavu shingoni tukaenda bandarini.

Kwenye meli mkata tiketi alituangalia wote wawili. "Mama, huyo ni abiria au mzigo?"

"Ni mfiwa," nikamjibu.

Alicheka, akatupitisha.

Mimi ni fundi cherehani. Nashona barazani kwangu, sare za shule zaidi, na nikiinua kichwa naona kipande cha ziwa kati ya mabati ya watu na naona ua wetu wote. Nasema ua kwa mazoea tu. Huku nyumba zimejibanza kati ya majabali na hakuna aliyejenga uzio, maana nani atachimba shimo la nguzo kwenye jiwe? Mlango wangu unatazamana na mlango wa jirani yangu, mama mtu mzima mwenyeji wa Mara, muuza mahindi na maharage, aliyegeuza chumba chake cha mbele kuwa stoo. Penye mahindi pana panya, na kwa ajili ya panya alifuga paka, jike la madoa, mwenye maringo. Kila asubuhi jua likipanda paka yule alikuwa anatoka kazini na kujilaza kwenye jiwe pana lililo kati ya nyumba zetu. Mama yule anaishi na wajukuu, na wote wanakula kutoka stoo ile. Alikuwa anapenda kusema kwamba ana mtumishi mmoja tu duniani, na mtumishi mwenyewe ana mkia.

Asubuhi ya kwanza nilimfungua mbwa anyooshe miguu. Alinusa baraza, akanusa cherehani, akainua kichwa akamwona paka juu ya jiwe. Sikuwahi kuona kiumbe akiondoka kwa kasi ile. Hakubweka hata kidogo. Paka aliruka ukutani, akapanda bati, akabaki juu amevimba mara mbili ya alivyokuwa, akimtukana kwa lugha yao. Mbwa akazunguka jiwe, akahakikisha pako safi, akasimama.

Mimi huyo mbio, nikachota kiganja cha dagaa kwenye ndoo ya jikoni nikamwita. Akaja moja kwa moja. Akakaa chini mbele yangu, akala mkononi kwa adabu, akanilamba vidole. Nikamwambia jirani, kwa majivuno kabisa, "Mama umeona? Ni msikivu huyu. Ukimwita anakuja."

"Nimeona," akasema jirani, macho yakiwa kwenye bati. "Na mimi wangu nani atamwita ashuke?"

Basi ikawa ndiyo desturi. Anamkimbiza paka, namwita kwa dagaa, anakuja. Ajabu ni kwamba badala ya kupoa, alizidi. Siku za kwanza alikuwa anamtaka paka wa jirani tu. Baadaye akaanza kuwafuata paka wa bondeni kwa wauza samaki, paka wa kanisani, paka wa mwalimu. Alikuwa akimaliza kumtimua mmoja anarudi kwangu mbio, anakaa, anakula, anainuka tena kutafuta mwingine. Nilikuwa nasema mbwa huyu ana chuki gani na paka? Nikamfunga mnyororo kwenye nguzo ya baraza, akawa anavuta mpaka manyoya ya shingo yakatoka. Mtu mmoja akanishauri nimchape. Nikamwambia akachape wake. Mwingine akashauri maji ya chupa usoni, nikajaribu, akadhani tunacheza.

Halafu likatokea la mguu. Nilikuwa nimemfungua ili anywe maji, paka akawa anatoka stoo na panya mdomoni, hakumwona. Nilisikia mlio mmoja. Nilipofika, mbwa alikuwa amesimama juu ya jiwe anapumua, paka amejivuta chini ya mapipa ya maji, na kwenye jiwe kulikuwa na damu. Jirani alitoka na khanga yake, akamzoa paka kama anavyozolewa mtoto mchanga, akanipita bila kunitazama. Nilimwamkia. Mama yule ambaye marahaba yake huwa unaisikia mpaka barabarani, siku ile hakuitikia.

Jioni ile alikuja na mjumbe wetu wa nyumba kumi. Bwana mifugo wa kata alikuwa ameshaitwa, ameshona mguu, amewachoma paka na mbwa chanjo ya kichaa cha mbwa. Mjumbe alikaa kwenye kiti changu cha kushonea akaanza kwa upole, kama wanavyoanza watu waliokwisha kuamua.

"Mama, tunakuheshimu, na tunajua umefiwa. Lakini mama huyu asipokuwa na paka, magunia yake yanakwisha wiki hii. Mbwa akigusa paka mara nyingine, aondoke. Ukishindwa kumwondoa, sisi tutamwondoa."

"Mtamwondoa vipi?"

Jirani ndiye aliyenijibu, naye alikuwa analia. "Mwanangu, na mimi siombi hilo. Lakini niambie, wajukuu wangu nitawapikia panya?"

Nina hasira za karibu, kila anayenijua anajua, na nilikuwa nimejiandaa kugomba. Lakini utagombana vipi na mtu mwenye haki? Waliondoka, nikabaki nimekaa kizingitini na mbwa amelaza kichwa kwenye mguu wangu, hana habari kwamba amehukumiwa. Nilimwambia, "Utanirudisha makaburini, wewe." Akatikisa mkia.

Nilipoelewa, sikuelewa kwa akili nyingi. Nilikuwa nashona sketi, mbwa amefungwa kwenye nguzo. Paka wa mwalimu akapita mbali, juu kule kwenye njia. Mbwa akasimama, akabweka mara moja kwa nguvu, paka akatoweka. Basi mbwa akageuka. Hakuangalia tena alikoenda paka. Alinigeukia mimi, akakaa chini wima, akautazama mkono wangu wa kulia.

Aliutazama mkono kama mtu aliyesimama dirishani kwa mhasibu.

Nikaacha kukanyaga cherehani. Nilimwona kaka yangu mbele yangu waziwazi, na kofia yake ya majani, amesimama kati ya chanja zake. Niliwahi kukaa naye kule likizo nzima. Dagaa wakianikwa, maadui ni wengi: kunguru, mwewe, na paka zaidi ya wote, maana paka hana haraka, anakuja kimya na kukaa kitako kula. Na mbwa wake alipomtimua adui, kaka alikuwa anapiga mluzi, mbwa anakuja, anapewa kiganja cha dagaa. Kila mara. Hata siku ambazo dagaa walikuwa wachache na wifi analalamika.

Nikampigia wifi simu Misungwi, nikamweleza lote, mpaka la dagaa wa kwenye ndoo. Nikasikia kicheko ambacho hakikuwa kimesikika tangu msiba.

"Wifi yangu! Sasa wewe si umempandisha cheo? Huku alikuwa analinda chanja tatu. Wewe umempa mtaa mzima!"

"Nilikuwa namwita arudi!"

"Ulikuwa unamlipa mshahara. Na kwa kaka yako alikuwa anapewa dagaa wa kuvunjika. Wewe unampa wazima. Lazima ajitume."

Nilicheka mpaka nikashika ubavu, halafu ghafla nikasikia uchungu. Mbwa yule hakuwa na chuki na paka yeyote. Alikuwa amechukuliwa kutoka kwao, akavushwa ziwa, akawekwa kati ya mawe na watu asiowajua, na kitu pekee alichokikuta kama alivyokiacha ni kazi yake. Akaifanya kwa nguvu zake zote. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu alikuja na jembe lake mwenyewe, nami nikawa nalinoa.

Sasa kubadilisha mkataba wa mbwa si kama kubadilisha shingo ya gauni. Niliweka dagaa kwenye kopo la mafuta ya kupikia, nikalitundika kwenye msumari pembeni ya cherehani, nikaanza upya. Mbwa akiwa kwenye mnyororo, paka akipita mbali sana, kabla hajabweka namwita, akinigeukia, anapata. Akibweka, hapati. Hivyo tu. Lakini kumnyima ndiko kulikuwa kugumu. Anabweka, paka anakimbia, anakuja kukaa mbele yangu amefurahi, anasubiri. Mimi nakanyaga cherehani naiangalia sindano. Anasubiri. Anainua mguu mmoja wa mbele, taratibu, kunikumbusha. Siku nyingine nilikuwa naingia ndani kabisa nijifiche, kwa sababu nilikuwa namwona kaka yangu ananiuliza kwa nini nimemdhulumu mfanyakazi wake.

Nilihitaji paka wa kufanyia zoezi, na paka aliye karibu alikuwa mmoja. Nikavaa khanga yangu ya heshima nikaenda kwa jirani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba," akasema, lakini kwa ndani ya meno. Nikamweleza habari ya chanja na mshahara. Alinisikiliza huku anapepeta maharage, ungo haukusimama.

"Kwa hiyo unataka paka wangu awe mwalimu wa mbwa wako."

"Akae mapajani mwako tu mama, hapo mlangoni kwako. Mbwa kwenye mnyororo. Nikishindwa, nitampakia mwenyewe kwenye meli."

Alipuliza makapi. "Wewe unamtetea kama mtoto wako."

"Ni wa kaka yangu," nikasema, na sauti ikakatika bila ruhusa yangu. Jirani akaweka ungo chini. Yeye pia amezika watu, wengi kuliko mimi.

"Asubuhi," akasema. "Kabla wateja hawajaja."

Ikawa kila asubuhi mama yule anakaa mlangoni kwake na paka mwenye mguu wa bandeji mapajani, nami nakaa mlangoni kwangu na mbwa na kopo, jiwe likiwa katikati, kama wazee wa pande mbili waliokuja kuposa na bado hawajaaminiana. Wapita njia walitucheka. Mjumbe alisimama siku moja akatazama, akauliza hiki ni kikao gani. Jirani akamjibu, "Tunafundisha. Pita."

Mwanzoni mbwa alitetemeka mwili mzima, mate yanadondoka, kila msuli unamwambia nenda kazini. Namwita, ananigeukia kwa shida, anapata dagaa. Anamtazama paka tena. Namwita. Anapata. Siku zikaenda. Ikafika mahali anamwona paka na kugeuka mwenyewe kunitazama kabla sijamwita, na siku ya kwanza alipofanya hivyo jirani alipiga kigelegele mpaka paka akashtuka akamparura. Baadaye mbwa akaanza kulala chini. Paka naye, bandeji ilipotoka, akaanza kurudi jiweni, kwanza ukingo wa mbali, kisha katikati, akichechemea kidogo ila maringo yake yamerudi yote. Kulikuwa na siku mbaya pia. Siku dume moja la paka la bondeni lilipokatiza barazani na mkia wa samaki sato mdomoni, mbwa aliruka na mnyororo na nguzo ikang'oka, meza ikaanguka, nyuzi zangu zikabingirika mpaka kwenye mtaro. Niliokota nyuzi nikiwa natukana kwa Kisukuma, lugha ninayoitunza kwa ajili hiyo. Lakini hakulifikia dume, na hakupata kitu, nasi tukaanza tena asubuhi yake.

Masika yalipokwisha paka akazaa ndani ya stoo, nyuma ya magunia. Nilimpelekea jirani kikapu cha vipande vya vitambaa, mabaki ya sare, akawatandikia. Sikuwa na raha. Paka mkubwa amejifunza kupanda bati, lakini vitoto ni vidogo, vinatambaa, vinalia sauti nyembamba. Nikarudisha mnyororo mchana kutwa. Jirani naye alikuwa anafunga mlango wa stoo kila ninapotoka na mbwa. Tulikuwa tumefika mbali, lakini si mpaka huko.

Siku yenyewe ilikuwa na jua kali baada ya mvua, kila mtu ameanika vyake. Jirani alitoa kikapu kile chenye vitoto akakiweka juu ya jiwe vipate joto, mama yao akiwa stoo kazini. Mimi nilikuwa nimemfungua mbwa kumpaka dawa ya kupe, nimemshika kwa mkono, nimepiga goti, sijui kama kikapu kimetoka. Ghafla shingo yake ikawa ngumu. Akanichomoka.

Alikwenda kama alivyokwenda asubuhi ile ya kwanza, bila kubweka, moja kwa moja kwenye jiwe. Nikaona kikapu. Nikasikia jirani anapiga yowe. Nilijaribu kumwita, sauti haikutoka, na katika ule upesi nakumbuka niliwaza jambo moja tu: basi, amekwenda, kaka amekwenda.

Mbwa aliruka juu ya jiwe, akakipita kikapu kwa juu, miguu ya nyuma haikukigusa hata kitambaa, akajirusha hewani. Ndipo nikamwona mwewe. Alikuwa ameshafika chini kabisa, makucha yamefunguka. Mbwa hakumshika, lakini meno yaligongana karibu na bawa, na mwewe akapinda akapaa, unyoya mmoja ukabaki unayumbayumba hewani. Mbwa akabaki jiweni. Sasa ndipo akabweka, kichwa juu, akimfuata yule ndege kwa macho mpaka akavuka mabati kuelekea ziwani. Vitoto vilikuwa vinalia ndani ya mabaki ya sare. Mama yao alifika mbio, akasimama akamtazama mbwa, kisha akaingia kikapuni akawalalia.

Mbwa akashuka. Akaja mbele yangu, akakaa wima, akautazama mkono wangu wa kulia.

Mkono wangu ulikuwa na dawa ya kupe. Kopo lilikuwa tupu, nilikuwa nimekusudia kulijaza jioni. Nikamwambia, "Ngoja, ngoja baba," naye akangoja.

Jirani yangu ndiye aliyeingia ndani. Nilisikia mfuniko wa sufuria. Akatoka na dagaa wake mwenyewe, waliokwisha kuchambuliwa kwa ajili ya mboga ya mchana ya wajukuu, viganja viwili vilivyoshikana vimejaa, akavuka jiwe, mama ambaye hajawahi kumkaribia mbwa yule hata hatua kumi. Akainama kwa taabu ya magoti yake.

Mbwa akautazama mkono ule mgeni. Akanitazama mimi.

"Mwambie ale," jirani akasema. "Mshahara wake huu. Leo ametufanyia kazi sisi."

Nikamwambia ale. Akala kwa adabu, kama alivyofundishwa na kaka yangu, akalamba vidole vya mama yule kimoja kimoja. Nami nilikaa chini pale kwenye mawe nikalia kilio ambacho Nansio kilikuwa hakijatoka, siku nilipopewa shati. Jirani akaniwekea mkono begani, hakuniambia nyamaza. Mbwa alipomaliza kula alirudi taratibu akajilaza chini ya jiwe, upande wa kivuli wa kikapu, kidevu chini, macho yake ameyaelekeza juu mbinguni.